Sauti Aliyoiamini Mama

Jina la Bibi Mawingu alipewa na kaka yake mwenyewe, hewani, mji mzima ukisikia. Yeye alikuwa mtabiri katika ofisi ya hali ya hewa. Kaka yake, aliyemtangulia kuzaliwa, alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, na watu walimwita Kengele kwa jinsi alivyokuwa na sauti ya kuamsha waliolala. Tangu siku hiyo dada mtu hakuwa na pa kupita. Akienda sokoni, wauza nyanya walimpigia kelele: "Bibi Mawingu, leo nianike au nisianike?" Akicheka, yaliisha. Asipocheka, aliambiwa anaringa.

Mama yao ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa fundi cherehani, akishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake kule bondeni, nyuma ya kiwanda kilichofungwa. Redio ilikaa juu ya meza ya kukatia, katikati ya mikasi na chaki, na haikuzimwa mpaka Kengele aage wasikilizaji. Kwa mama huyo, mwanawe hakuwa anatangaza. Alikuwa anakuja kumwamkia kila asubuhi.

Mwaka ule mvua zilianza vibaya. Daraja la upande wa pili wa mji lilibebwa, na watu wakaanza kubishana. Wengine walisema dunia imechafuliwa, hewa imepata joto na mvua zimeharibika. Wengine walisema hayo ni maneno ya kuombea misaada, mvua ni mvua. Kengele akaona hapo pana kipindi kizuri. Akamwalika dada yake studio.

"Bibi Mawingu, tusizunguke," alimwambia mara tu taa nyekundu ilipowaka. "Lile daraja limechukuliwa na mabadiliko ya tabianchi? Ndiyo au hapana?"

"Swali haliendi hivyo, Kaka."

"Hapa mimi si kaka, ni mtangazaji. Ndiyo au hapana?"

Akajaribu kueleza. Akasema hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi, kama vile taulo nene linavyokunywa maji mengi kuliko leso. Siku likikamuliwa, linamwaga zaidi. Mvua kubwa zilikuwapo zamani, lakini sasa zinakuja mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Kuhusu daraja lile moja, hawezi kuapa kwamba bila joto lisingechukuliwa.

"Hawezi kuapa!" Kengele akadakia. "Wasikilizaji mmemsikia. Anatutisha kwa jambo asiloweza kuliapia."

Simu zikamiminika. Dereva mmoja wa lori alisema babu yake alipoteza ng'ombe kwenye mafuriko wakati kijijini kwao hakuna hata baiskeli, je, moshi ulitoka wapi? Studio ikaangua kicheko. Jioni Bibi Mawingu alipopita kwa mama yake, alimkuta bado anatabasamu.

"Leo kakako amekuweza, mwanangu."

"Mama, yale si mashindano."

"Najua. Lakini amekuweza."

Hazikupita wiki nyingi, ramani za ofisini zikaonyesha kitu ambacho Bibi Mawingu hakuwahi kukiona tangu aajiriwe. Ofisi ikatoa onyo la juu kabisa: watu wa mabondeni wahame kabla ya jioni ya kesho. Onyo lilisambazwa kila mahali. Asubuhi, Kengele alilisoma kwa sauti ya pua, kama mtu anayemwigiza mwalimu wa zamani, kisha akalikunja karibu na kipaza sauti ili watu wasikie karatasi inavyolia.

"Bibi Mawingu katuandikia tena," alisema. "Safari iliyopita alituambia tuhame, tukaambulia manyunyu yasiyolowesha hata kofia. Ndugu zangu, kaeni kwenu. Pikeni, kuleni, mjifunike. Mvua ikipiga sana, fungeni dirisha."

Bibi Mawingu alikuwa zamu na hakuruhusiwa kutoka. Akampigia mama yake simu.

"Mama, leo usilale hapo. Nakuletea teksi, uje kwangu."

"Mbona kakako amesema—"

"Mwache Kaka. Nisikilize mimi. Mimi ndiye niliyeiona."

Cherehani ikasikika ikienda, ikasimama. "Haya, ilete teksi."

Moyo ukamtulia. Mchana dereva akampigia kwamba yuko nje ya ofisi, kwa kuwa funguo za nyumba ya Bibi Mawingu alikuwa nazo mwenyewe. Akashuka ngazi mbiombio. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Dereva akafungua buti, akamwonyesha mafurushi ya sare, yamepangwa vizuri na kufungwa kwa nailoni.

"Mama amesema hizi za watu ndizo zisilowe. Yeye ana za kumalizia, atakuja kesho."

"Na wewe ukamwacha?"

"Dada, nilimsihi. Akaniongezea sauti ya redio."

Kulikuwa na marudio ya kipindi.

Maji yalishuka jioni ile ile. Hayakupanda taratibu kama watu walivyozoea, yalikuja kwa mkupuo, yakiburuta mabati na magogo. Jirani mmoja, muuza mkaa aliyejiokoa juu ya ukuta wa kiwanda, alisema alimwona yule mama amesimama juu ya meza yake ya kukatia, ameshika nondo za dirisha. Alimwita. Mama akainua mkono, kama anayesema nimekusikia. Kisha ukuta wa mbele ukaenda.

Msibani, Kengele alilia mpaka akaishiwa nguvu, wanaume wawili wakamshikilia. Bibi Mawingu alimtazama akaona amechakaa kwa siku chache kama nguo iliyofuliwa kwa jiwe, akajiambia hilo latosha, Mungu na amalizie mwenyewe.

Pengine lingetosha, kama Kengele angebaki kimya. Lakini alirudi redioni, na aliyerudi alikuwa mtu mwingine. "Mimi ni mtoto wa marehemu," alianza, sauti ikiwa chini. "Mabadiliko ya tabianchi yameniulia mama." Mji ukalia naye. Akaanza kualikwa kwenye mikutano, akavalishwa fulana za kijani za watetezi wa mazingira. Halmashauri nayo ikampenda, kwa sababu kila alipomaliza kusema kwamba hili ni janga la dunia nzima ambalo hakuna binadamu angelizuia, meya alisimama akasema naam, mmesikia, hata sisi tusingelizuia.

Dada mtu alisikiliza kwenye redio ya ofisi. Maneno yalikuwa yake, mpaka lile taulo na leso. Kwa miaka mingi alitamani kaka yake ayaseme. Sasa aliinuka akaizima redio.

Ukaitishwa mkutano wa hadhara katika ukumbi wa mji. Mbele walikaa meya, Kengele, Bibi Mawingu kwa niaba ya ofisi, na mfamasia mmoja aliyepoteza duka lake bondeni. Mfamasia alikuja na hasira zake.

"Tabianchi gani?" alifoka. "Mfereji wa bondeni umejengewa maghala, na vibali mlitoa ninyi. Mkibanwa mnasingizia hewa! Hakuna kitu kama hicho, ni kichaka cha kujifichia!"

Nusu ya ukumbi ikashangilia: "Mifereji! Mifereji!" Nusu nyingine ikazomea, ikimwita mfamasia mjinga asiyeona dunia inavyoungua. Mwendesha mkutano akagonga meza mpaka glasi ikaanguka. "Tuna mtaalamu hapa," akasema. "Atukate kiu. Mama, ni tabianchi au ni mifereji?"

Bibi Mawingu akasimama. Mkurugenzi wake, aliyekaa safu ya kwanza, alimkonyeza aseme kwa ufupi.

"Mvua ile iliongezwa nguvu na joto la dunia," alisema. "Tumeshapima, na anayekataa hilo anajidanganya." Upande mmoja ukapiga makofi. "Na mfereji ulijengewa. Maji yale yangepata njia, yasingepita vyumbani." Upande wa pili nao ukapiga makofi. Akangoja watulie. "Na tuliwaonya kabla. Joto halikuwakataza watu kuhama. Maghala hayakuwakataza. Kuna aliyewaambia wakae, wapike, wafunge dirisha. Mama yangu aliuawa na maji, lakini aliyembakiza mle ndani ni redio."

Hakuna aliyepiga makofi. Kengele alikuwa anatazama mikono yake. Kisha mtu wa nyuma akapiga kelele, "Huna haya! Kumwanika ndugu yako!" na ukumbi mzima, wa mifereji na wa tabianchi, kwa mara ya kwanza jioni ile ukakubaliana. Walimzomea mpaka akaketi.

Kaka yake alimkuta kwenye korido, karibu na vyoo.

"Miaka yote ulitaka nikubali. Nimekubali. Unataka nini tena?"

"Umekubali kwa sababu sasa inakusafisha."

"Alikuwa mama yangu pia!"

"Ndiyo maana alikusikiliza."

Kengele akaegemea ukuta. Alipozungumza tena hakuwa na ile sauti ya redioni. "Siku ile studio nilikuuliza ndiyo au hapana. Neno moja tu. Ungesema ndiyo, Mama angeliogopa onyo lako kuliko kuniamini mimi. Lakini wewe ukaleta habari za taulo."

Dada mtu alitaka kumjibu kwamba 'ndiyo' ingekuwa uongo. Aliondoka na jibu hilo, na amelala nalo siku nyingi tangu hapo.

Mama yao mdogo, ndugu pekee wa marehemu, alimtumia ujumbe kwamba asikanyage kwake mpaka akamwombe kaka yake radhi. Hakuomba. Ofisini mkurugenzi alimwita, akamsifu sana, kisha akamwambia kuanzia sasa asiseme mbele za watu. Amechanganya mambo ya nyumbani na ya kazi. Akapewa chumba cha nyuma, cha kuandika maonyo ambayo yangesomwa na wengine.

Msimu uliofuata ramani zilionyesha jambo lile lile, baya zaidi. Bibi Mawingu aliandika onyo kama alivyoliandika mwanzo. Asubuhi Kengele akalisoma. Hakuigiza mtu. Alilisoma neno kwa neno, akalirudia, akasema, "Nawapigia magoti. Ondokeni. Mimi nilikaa na kiburi, nikazika." Watu wa bondeni wakabeba watoto na magodoro, wakapanda juu. Usiku maji yakapita katika nyumba tupu. Hakufa mtu.

Bibi Mawingu alipokwenda kule kukagua vipimo vya mvua, alimkuta mwanamke mmoja akihangaika kuliburuta godoro lililojaa tope. Alikuwa mpangaji mgeni, hakumjua mtabiri huyo. Bibi Mawingu akashika upande wa pili, wakalinyanyua pamoja.

"Tumshukuru Kengele," mwanamke alisema, akihema. "Bila yeye tungekuwa tunaokotwa sasa. Wanasema mwaka jana watu walikufa hapa. Laiti yeye angekuwapo mwaka huo akawaambia."

"Alikuwapo," Bibi Mawingu akasema.

Mwanamke akamtazama, akingoja aendelee. Godoro lilikuwa zito na lilivuja maji miguuni mwao. "Sogea kidogo kushoto," Bibi Mawingu alimwambia, "tuliegemeze hapo penye jua."