Bata wa Chumba cha Tatu

"Bata bado yupo," Sista Mkuu alisema kwenye simu, na Mama Kipusa akasukuma kikombe cha chai kando.

"Sista, ifunge programu kabisa, halafu uifungue upya."

"Mwanangu, nimefunga na kufungua mpaka kidole kimeota sugu. Ni bata yule yule, bapa kama mto uliokaliwa. Na chini yake, toleo la kwanza."

Bata huyo alichorwa na Kipusa mwenyewe, kwa kalamu ya nta ya njano, akiwa amelala kifudifudi sakafuni. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuandika programu ya kituo cha afya, ile ya kukokotoa dozi za watoto kwa uzito wao. Alihitaji picha yoyote ya kushikiza kwa muda, akambandika bata, akacheka peke yake. Leo kicheko kilikuwa mbali.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro mbaya. Kichanga wa kilo tatu na nusu lilimhesabu kuwa wa kilo nne, likampangia dawa ya mtoto mkubwa kuliko yeye. Sista Mkuu aliishtukia kabla dawa haijamfikia mtu. Mama Kipusa hakulala vizuri tangu siku hiyo. Kila akimpakata binti yake alikuwa akimpima kwa mikono bila kujijua. Kasoro ameshaiondoa, na toleo la pili akaliwekea picha mpya, tone la buluu. Ila kliniki ya watoto ni kesho asubuhi, na programu mpya imekataa kujitambulisha kuwa mpya.

Maana kila programu hubeba lebo ndani yake: picha, jina na namba ya toleo, vitu vinavyopachikwa wakati inapoundwa. Na Sista Mkuu ana msimamo wake.

"Lebo isipolingana na ulichoniandikia, siifungui," alisema. "Nitajuaje ipi ni ipi? Kesho nitapiga hesabu kwa kalamu, foleni ifike barabarani, na wewe programu yako uje uichukue."

Simu ikakatwa. Mama Kipusa aliiunda programu upya. Akatazama. Bata. Akaiandika namba upya, akaihifadhi, akaiunda tena. Bata, toleo la kwanza, jicho moja juu ya jingine.

"We bata, mimi na wewe tumekosana nini?" aliuliza kioo cha kompyuta.

Meza ya pili alikaa mwenzake waliyembatiza Kasuku, kwa sababu kwa kila lalamiko alikuwa na jibu moja.

"Kwangu inafanya kazi," akasema Kasuku.

"Ndiyo maana watu hawakupendi."

"Njoo uone mwenyewe, mama. Tone la buluu, toleo la pili. Labda kompyuta yako imeshazoea kufuga."

"Kasuku, nitakurushia kibodi."

"Rusha, ila uandike kwanza ni toleo la ngapi."

Alitaka kulia, na alitaka kumpiga, na hakuwa na muda wa yote mawili. Akavuta kiti mpaka kwa Kasuku. Kweli, tone la buluu. Mafaili yale yale, namba ile ile. Sasa huyu ana nini ambacho yeye hana?

"Mafaili uliyatoa wapi?"

"Nimeyashusha asubuhi hii kutoka hifadhi yetu ya ofisi. Folda tupu kabisa."

Folda tupu. Yake ilikuwa imejaa masalia ya kila uundaji tangu siku ya kwanza.

Alirudi mezani karibu akikimbia. Kile chombo kinachounda programu, ofisini walikiita Fundi, na Fundi ni mvivu kwa makusudi: kitu kisichoguswa hakirudii, huchukua cha jana akaendelea. Kwenye lebo, aliagizwa atazame faili moja tu, lile linalosema weka picha fulani na namba fulani. Faili hilo halikuguswa. Picha yenyewe na namba yenyewe zilikaa kwenye mafaili mengine, na hakuna aliyemwambia Fundi ayaangalie. Basi kila mara alishona nguo mpya, akaichomekea lebo ya zamani. Maagizo hayo Mama Kipusa aliyaandika mwenyewe, kwa mkono mmoja, wiki Kipusa alipokuwa na homa na kukataa kuwekwa chini.

Aliongeza mstari: picha au namba ikiguswa, lebo itengenezwe upya. Akafuta masalia. Akaunda.

Tone la buluu. Toleo la pili.

Hakushangilia. Alituma, akakaa ameishika simu.

"Kompyuta ya chumba cha kwanza," Sista Mkuu alisoma hatimaye, "tone la buluu, toleo la pili. Chumba cha pili, hivyo hivyo. Chumba cha tatu..." Kibodi ikagongwa mara mbili. "Bata."

Mama Kipusa alilaza paji la uso juu ya meza. Kasuku akafungua mdomo. Akanyooshewa kidole, akaufunga.

Lakini lebo sasa haidanganyi, alijiambia. Aliinua kichwa.

"Sista, hapo chumba cha tatu uliiweka kweli?"

"Nimeiweka sasa hivi, nilipotoka... Ngoja. Nilifika mlangoni nikaitwa leba. Na asubuhi nilikiruka, kulikuwa na mgonjwa." Akaguna. "Sijaiweka, mwanangu. Na hiki ndicho chumba cha vichanga. Bila bata nisingejua."

Kwenye simu zilisikika hatua, kiti kikivutwa, pumzi za mtu mzima anayesoma taratibu.

"Tone," Sista Mkuu alisema. "Toleo la pili. Kesho tunafungua. Mwambie mwenye bata asininunie."

Jioni Kipusa alimdaka mama yake mlangoni, akamng'ang'ania gotini.

"Mama, bata wangu ameenda kazini?"

Alimnyanyua, akampima kidogo mikononi kama kawaida yake.

"Ameenda. Na leo amefanya kazi kweli kweli."