Sufuria Kizimbani kwa Nyama ya Wageni

Usiku wa jana niliota nina kesi yangu ya kwanza. Mteja ni sufuria ya dada yangu Sikudhani, anashtakiwa kwa kula nyama ya wageni. Akitiwa hatiani atayeyushwa, awe vijiko.

"Vijiko!" analia kizimbani. "Kaka, mimi nina familia. Mfuniko wangu yuko pale nje."

Pembeni yangu amekaa Wakili Nyamizi, anayenifundisha kazi ya utetezi. Hata ndotoni kaja na chupa yake ya chai.

"Ukishapata jibu linalokufaa, kaa chini," ananikumbusha. Huniambia hivyo kila siku, na kila siku naona ananibania tu.

Shahidi wa mashtaka ni paka. Anaapa kwa kuinua mkia.

"Ulimwona mteja wangu akila nyama?" nauliza.

"Sikumwona."

Watu wanaguna. Hakimu, ambaye ni jiko la mkaa lililovaa joho, anaanza kupoa kwa huruma.

"Kaa," kinanong'ona kiti changu.

"Kaa, mwanangu," anasema Wakili Nyamizi.

Lakini mdomo unaniwasha. Mambo yamenoga, nikae kwa nini?

"Sasa wewe paka, kama hukumwona, umejuaje kwamba nyama ililiwa?"

"Nilimwona aliyekula."

Kiti kinafumba macho.

"Nani huyo?" nauliza kwa madaha.

"Wewe. Na mfupa ukanipa mimi."

Sufuria anaachiwa huru papo hapo. Anakumbatiana na mfuniko wake, kelele mtindo mmoja. Mimi natiwa pingu. Mahakama imeshageuka jiko la dada, na kizimba ninachosukumiwa ni kabati la vyombo. Naogopa kweli, maana vijiko vyote vinanitazama.

"Wakili, nitetee!"

"Siwezi. Mteja wangu ni sufuria, masilahi yatagongana." Anajimiminia chai. "Ila hongera, kesi umeshinda. Na una haki ya kunyamaza. Ungeanza kuitumia mapema."

Nikaamka. Kumekucha, na dada Sikudhani anafoka jikoni.

"Nani kala nyama ya wageni?"

Nikataka kucheka. Ulimi ukagusa kitu: uzi wa nyama umenasa kwenye jino. Nikaenda mlangoni nimuulize dada ana shahidi gani. Paka alikuwa kizingitini na mfupa wake, ananitazama.

Nikarudi, nikakaa chini.