Nailoni ya Bluu Ndani ya Boneti

Boneti ilikuwa nyeusi, inang'aa hadi unajiona uso, na nyepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Lakini Mama Sarafu alipoigonga kwa sarafu yake karibu na bawaba, mlio ulikufa. Kwingine kote ti, ti, ti, hapo, du. Akarudia mara tatu. Du.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya sarafu hiyohiyo. Miaka tisa alikuwa akitandika vitambaa vya nyuzi za kaboni ndani ya kalibu, tabaka juu ya tabaka, kabla ya kuingizwa kwenye tanuri. Kila tabaka huja na nailoni ya bluu mgongoni ili gundi yake isishike ovyo. Unaiandika namba ya tabaka, unaibandua, unaitupa kwenye ndoo, na mwisho unazihesabu namba zote. Tabaka saba, nailoni saba. Ikipungua moja, ujue imebaki ndani, na hapo tabaka hazitashikana hata uombe dua.

Mwezi uliopita Msimamizi alifuta kuhesabu. Alisema kupoteza dakika nane kwa kila boneti ni uvivu, na wateja wa magari ya kasi hawajui kusubiri. Haraka haraka haina baraka, lakini nenda kamwambie mtu mwenye saa mkononi.

Sasa boneti hiyo ilikuwa inangojwa uwanjani, na dereva wa majaribio mchana huo alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama yake, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. Ikichomoka kwenye bawaba gari likiwa mbioni, inamrudia dereva usoni.

Alimweleza Msimamizi yote hayo. Msimamizi, macho kwenye simu, akamjibu kwamba sarafu si kipimo. Mama Sarafu akapandwa na hasira. Akasema hii ni kazi ya zamu ya pili, maana boneti ilianzwa na zamu yake ikamaliziwa na hiyo ya pili, na wale hufanya kazi kama watu wanaofukuzwa na mbwa. Akawasema hadi akaishiwa pumzi. Msimamizi akawaita vijana wawili waibebe.

Liwalo na liwe. Alichukua nyundo, akaipiga boneti karibu na bawaba, mara moja, mara mbili, hadi ikapasuka. Akaingiza vidole vyenye glavu kwenye ufa, akavuta. Tabaka zikaachana kama kurasa za daftari, na katikati yake ikaonekana nailoni ya bluu, upana wa kiganja.

Juu yake palikuwa na namba nne. Nne yenye mkia mrefu. Hakuna mwingine kiwandani aliyeandika nne hivyo ila yeye Mama Sarafu.

Msimamizi naye aliiona. "Nyani haoni kundule," akasema taratibu.

Hasira ilimgeukia mwenyewe. Aliikumbuka siku ile vizuri: nailoni ilichanika mkononi mwake, Msimamizi amesimama mgongoni akitazama saa, naye akatupa kilichobanduka na kuendelea. Angehesabu, angejua. Hakuhesabu.

"Ni yangu," alisema. "Andika. Na chini yake andika nani alifuta kuhesabu."

Msimamizi hakuandika kitu. Mama Sarafu alikuwa ameshampa mgongo, maana alikumbuka boneti kumi na moja za mwezi ule, zilizotandikwa bila kuhesabu na kwisha kufungwa kwenye magari yaliyoko uwanjani.

Mdogo wake alikuwa uwanjani, kofia ya chuma kwapani.

"Dada, boneti yangu iko wapi?"

"Nimeivunja. Ningeiacha, ingekuua, na ni mimi niliyeitengeneza."

Mdogo wake alitaka kucheka, akamtazama dada yake usoni, akaacha. Mama Sarafu akainama kwenye gari la kwanza, akatoa sarafu, akaanza kugonga. Mdogo wake alisimama kando yake, akisikiliza.