Rupia Iliyotobolewa Shingoni

Msinianzie habari za mahakama. Kila nikiisimulia habari hii hakosekani mmoja wa kuniuliza, mbona hukwenda kwa hakimu? Mie ni mtu wa Kiongoroni. Kumfikia hakimu nipande boti hadi Nyamisati, nidandie bodaboda hadi Kibiti, nilale kwa watu, niambiwe njoo wiki ijayo. Na nikirudi na karatasi yake, mama yangu ataniuliza, shehe amesemaje? Kwa mama yangu asichokisema shehe hakijasemwa. Basi nikaenda kwa shehe.

Nilichokitaka ni kimoja tu, kuachwa na mume wangu Zaidi. Nimekaa kwake Mtawanya nikimlimia mpunga na kumwokotea korosho, na shukrani yangu ilikuwa makofi, mpaka sikio la kushoto likaacha kusikia. Siku aliyoniinulia mpini wa jembe nilitoka na kanga niliyojifunga, nikarudi kwa mama. Nikaapa kwamba sirudi. Yeye akaleta ujumbe kwamba talaka hatoi, na kwamba atamfuata mke wake huko huko kwenye mikoko.

Dini imemwekea mwanamke njia. Akirudisha mahari na mume akaridhia, anajivua, ndiyo khului. Shehe Mwinyimvua alituita kwenye baraza la msikiti, pale kando ya mkondo, akamwuliza Zaidi kama anaridhia. Zaidi alijikuna kidevu, akatabasamu.

"Naridhia, shehe. Anirudishie mahari yangu. Sitaki thamani yake, nataka ile ile niliyompa."

Alijua anachokisema. Marehemu baba yangu, Mzee Maneno, alikuwa mtu wa kujiona. Alisikia kwamba kwao Zaidi ipo rupia ya fedha ya Mjerumani, ambayo babu yao aliiokota akilima, akakataa noti katakata. Alisema noti zinaliwa, binti yake ataolewa kwa fedha ya kweli. Ikatajwa mbele ya mashahidi, rupia moja. Upande mmoja ina kichwa cha Mjerumani mwenye kofia ya ndege, upande wa pili ina simba na mti. Nami kwa ujinga wa bibi harusi nikaipeleka kwa sonara Kibiti aitoboe niivae shingoni. Mkono ukamteleza. Tundu lililotakiwa lipite juu ya kofia likapita shingoni mwa Mjerumani. Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini, wakasema nimevaa maiti aliyechinjwa.

Sasa rupia hiyo sina. Ilipotea nikiwa bado Mtawanya. Asubuhi moja niliamka shingo ni tupu, uzi umekatika, nikadhani nimeiangusha shambani. Niliitafuta kwenye mpunga kwa magoti, nikichambua matope kwa vidole, na jioni Zaidi akanipiga kwa uzembe wa kupoteza mali. Ndiyo hiyo aliyokuwa anaidai mbele ya shehe.

Shehe akanitazama kwa huruma, lakini huruma haikubadili neno.

"Mwanaheri, mwenzio ameridhia kwa sharti. Alhamisi uilete. Usipokuwa nayo, utarudi kwa mumeo, na mimi sitakuwa na la kusema."

Usiku sikulala, mchana sikula. Mama ananisukumia sahani, naisukuma. Nilikuwa naona tu ile nyumba ya Mtawanya na mlango unafungwa nyuma yangu. Nilimwambia mama waziwazi kwamba nikirudishwa kule nitatoka nimebebwa. Alijifunika uso kwa ushungi.

Aliyenitoa kitandani ni shoga yangu Sikudhani, mchuuzi wa kamba wa baharini. Alisema Kibiti yupo bwana mmoja anaitwa Kheri, anauza spea za baiskeli, na ana wazimu wa hela za kale. Huenda anayo rupia ya namna ile. Nami nikawaza, rupia ni rupia. Nitaitoboa mwenyewe kwa msumari nikipenda, na nitaapa ndiyo yenyewe. Mungu atanisamehe. Nikauza hereni za bibi yangu, nikaondoka.

Huyo Bwana Kheri nilimkuta amekaa kati ya tairi na minyororo, mtu mwembamba, amevaa soksi na joto lote lile. Nilipomtajia rupia macho yakamchangamka. Akafunga mlango nusu, akavuta kopo la biskuti kutoka uvunguni mwa meza. Ndani, kila hela imelala kwenye kitambaa chake.

"Wewe unakusanya nini?" akaniuliza.

"Sikusanyi kitu. Nataka rupia moja tu."

"Kila mtu anataka chake," akasema, kama hakunisikia. "Kuna jamaa yangu Dar anakusanya miaka. Mwaka mmoja ukimkosa hapati usingizi. Mwingine anataka zenye wanyama, basi. Wazungu wanataka ile ambayo haikuguswa na mtu, ing'ae kama imetoka kiwandani jana. Mimi hiyo nikipewa bure siichukui. Hela isiyoguswa ina nini?"

"Bwana Kheri, mie nina haraka."

"Mimi naweka za wanawake. Zilizovaliwa. Na wenyewe wawe wametangulia mbele ya haki." Akachukua senti moja ya tundu, nyembamba, imelika upande mmoja. "Hii ya mama yangu. Alikufa mimi sijui hata kutembea, na picha hakuacha. Nilipokua nikapewa hii. Tazama hapa ilivyolika, hapa ndipo alipokuwa anaipapasa kwa kidole. Ukiniuliza mama yako alikuwaje, sina jibu lingine zaidi ya hili. Basi nikasema, wapo wengine wasioachiwa hata hivi, nao niwawekee."

Akairudisha senti kwenye kitambaa chake. Mie roho yangu iko kwenye Alhamisi, nikamwonea huruma na nikamkasirikia palepale.

"Na mwenyewe akiwa hai?" nikauliza.

"Akiwa hai aje auze kwa mkono wake. Siwezi kununua ya mke wa mtu kutoka kwa mumewe, nikaja kudaiwa. Rupia unayoitaka ninayo moja, lakini siiuzi. Itazame tu." Akafunua kitambaa. "Ya marehemu mmoja wa Mtawanya. Mumewe aliileta mwenyewe. Alilia hapo hapo ulipokaa."

Nikaona tundu. Shingoni.

Masikio yote mawili yalivuma, hata lile bovu. Nikajikuta nauliza kwa upole, kama mgeni msibani.

"Aliitwa nani huyo marehemu?"

"Mwanaheri. Alifia kwenye uzazi, maskini, yeye na mtoto. Kila Ijumaa namsomea Fatiha pamoja na wenzake humu kopo zima."

Kumbe nilikuwa natambaa kwenye matope natafuta kitu ambacho mume wangu amekwisha kukila. Na nikapigwa kwacho. Na nikazikwa kwacho, mie na mtoto ambaye sikumzaa. Nilitoa kadi yangu ya kupigia kura, nikaiweka mezani mbele yake.

"Soma. Mwanaheri Maneno. Huyo aliyelia ni Zaidi, ana kovu kwenye nyusi. Geuza hiyo rupia, pale karibu na mkia wa simba pana mkwaruzo wa tupa ya sonara. Geuza kabla sijaishika."

Akageuza. Akatazama rupia, akatazama kadi, akanitazama mimi. Nilitegemea atanipa pole. Mtu yule akalifunika kopo kwa kiwiko.

"Ameniharibia," akasema. "Nimekusomea mwaka mzima."

"Basi ndiyo maana sijafa. Nipe."

"Nimeinunua kwa halali."

"Umenunua kwa mwizi!"

Hapo nilimwaga kila kitu, Zaidi, sharti lake, shehe, Alhamisi, sikio. Nilimwekea mezani hela ya hereni, akaisukuma. Nikaona aibu haina kazi tena, nikapiga magoti kwenye sakafu ya grisi, nikamshika miguu na soksi zake. Nilimwambia anisikilize vizuri, kwamba ile Fatiha ataisoma safari hii kwa haki, maana nikirudi Mtawanya sitoki hai. Nililia kama sijawahi kulia mbele ya mwanamume.

Halafu nikamsikia anaifunga rupia kwenye kitambaa.

"Siwezi kuiweka na wewe uko hai," akasema. "Lakini kukupa uondoke nayo pia siwezi. Nitakuja nayo mwenyewe."

Alhamisi alishuka kwenye boti amekauka midomo kwa kutapika, soksi zimelowa. Kwenye baraza la msikiti watu walikuwa wamejaa, maana khului kwetu si jambo la kila siku. Zaidi alikuja na kaka yake Shaban. Amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kama mtu aliyekuja kuoa. Kheri alikaa nyuma yangu, kofia ameishusha, Zaidi hakumtambua. Shehe alipoita mahari, Kheri aliiweka rupia kiganjani mwangu kama anayetoa jino lake, nami nikaiweka kwenye mkeka mbele ya mume wangu.

Zaidi akaiokota. Akaigeuza. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Kisha likaja lile tabasamu.

"Shehe, mimi nilitoa rupia nzima. Hii imetobolewa. Waulizeni mashahidi kama niliyoitoa ilikuwa na tundu."

Shehe akawageukia mashahidi. Kweli, wakasema, ilikuwa nzima. Hata mjomba wangu Hashimu, ambaye anampenda kila mtu, aliinamisha kichwa akasema ilikuwa nzima. Shehe akashika ndevu zake. Nilimtafuta mama kwa macho upande wa wanawake, naye alikuwa ameshaanza kulia. Niliitoboa mwenyewe, nikawaza, kwa urembo wa siku chache. Nikaanza kujifunga kanga vizuri kwa safari ya Mtawanya, wallahi, mikono yangu ilikuwa inafunga kanga.

"Hilo tundu ulilikuta wapi uliponiuzia?" Sauti ya Kheri ilitoka nyuma, kavu.

Zaidi akageuka. Uso ulimbadilika rangi.

"Nani huyu? Simjui huyu."

"Unanijua. Ulikaa dukani kwangu ukalia. Ulisema hii ni ya marehemu mkeo, amekufa kwenye uzazi na mtoto. Ulipangusa machozi kwa kofia hiyo uliyovaa. Mimi ya aliye hai sinunui, na wewe uliambiwa na watu kwamba sinunui, ndipo ukamuua mkeo."

Bibi mmoja upande wa wanawake akauliza, tena bila kebehi, kwa kutaka kujua tu, "Sasa huyo marehemu ndiye aliyekaa hapo?" Kicheko kilianza kwa wanawake kikawafikia wanaume, na Shaban mwenyewe alijikohoza kukificha.

Zaidi kila kitu anakiweza isipokuwa kuchekwa. Alisimama, shingo imemvimba, akarudisha mkono nyuma na kuivurumisha rupia mkondoni. Tuliiona inapaa, ikaangukia kwenye matope chini ya mikoko, ambako maji yalikuwa yanaanza kujaa. Kheri alitoa mlio kama wa mtu aliyechomwa, akateremka mbio.

"Zaidi!" Shehe Mwinyimvua alisimama. Sijapata kumwona shehe yule amekasirika. "Unatupa mali kwenye baraza langu. Mali ya nani hiyo?"

"Yangu!" Zaidi akafoka. "Nilitoa mimi, natupa nitakavyo. Yangu, nani wa kunizuia?"

Shehe akawatazama mashahidi, mmoja baada ya mwingine.

"Mmesikia? Mahari imerudi mkononi mwake, amesema ni yake, na amefanya nayo alivyotaka." Akanigeukia. "Mwanaheri, umejivua. Nenda kwa mama yako ukakae eda."

Shaban akamshika Zaidi kiwiko, akamwambia taratibu, twende. Mie sikupiga vigelegele. Wanawake wamenishika huku na huku, mama amenining'inia shingoni, nami nilikuwa siamini, nangoja mtu aseme kuna sharti lingine.

Chini kule Kheri alikuwa amezama hadi magotini, suruali yake ya mjini imekuwa nyeusi, anapapasa kwenye mizizi. Akainua kichwa.

"Dada Mwanaheri! Nani ameona ilipoangukia? Maji yanajaa, nionyesheni!"

Nilikuwa nimepaona. Ilianguka kushoto kwake, kati ya mizizi miwili, na nilipokuwa nimesimama nilikuwa naona alama yake kwenye matope. Mtu yule aliniokoa, najua, na hadi leo nikipita Kibiti napita upande wa pili wa barabara. Lakini nilifikiria rupia ile imerudi dukani, Zaidi anaifuata, siku moja anaibeba mfukoni na kuja kusema hakuipokea, hakuridhia, nirudi. Kheri alikuwa ananitazama mimi hasa, anangoja.

"Sikuona," nikamwambia, na nikabaki nimesimama pale mpaka maji yakapafunika.