Umri wa Jambia la Mzee Kartono

Bibi Lastri, mjuzi wa majambia pale mjini Solo, alilisugua kwa ndimu jambia la ukoo wa Mzee Kartono. Kesho yake Seno, mwana wa mzee huyo, angelivaa harusini mwake.

"Lina miaka mia nne. Bisha uone!" mzee alitamba.

"Nyamaza, mzee. Chuma chenyewe kitasema."

Michoro ikajitokeza kwenye chuma, myeupe, inametameta kama kijiko kipya. Michoro ya kale huwa ya kijivu. Hii ilikuwa nikeli ya kiwandani. Lastri alipoinua macho, Seno, aliyesimama nyuma ya baba yake, alikuwa ametota jasho.

"Sasa umemeza ulimi? Lina umri gani?" mzee alifoka.

Lastri alichungulia uani.

"Sawa na ile pikipiki mpya ya mwanao."