Bikari ya Fundi Nionyeshe

Seremala yule walimwita Nionyeshe, maana neno la mtu halikumtosha. Ukimwambia ukuta umenyooka, anatoa timazi. Ukimwambia chai ina sukari, anakoroga kwanza, kisha anakutazama.

Wiki ile alikuwa amenuna kwa haki. Kabati la mwalimu mstaafu lilikwisha, ikabaki kuziba kwa ubao ufa kati yake na ukuta, na ukuta wenyewe una matumbo na mabonde. Mwalimu alimpa mbao tatu za kitanda cha marehemu mama yake: moja ya kazi, mbili za tahadhari. Tahadhari zote mbili Nionyeshe alikwisha kuziharibu. Kila mara alitambaza mguu mmoja wa bikari ukutani, mguu wa penseli ukachora ubaoni, akakata kwa kufuata mstari, akausukuma ubao mahali pake, na bado kidole kikapita kati ya ubao na ukuta. Ubao wa tatu ukiharibika, hakuna kitanda kingine.

"Bikari imelegea," alimwambia mkewe. "Na aliyeilegeza namjua."

Mkewe hakuuliza ni nani. Aliyesemwa ni kaka wa mke huyo, aliyefanya kazi na Nionyeshe miaka tisa. Mwezi uliopita Nionyeshe alimkuta shemeji yake huyo akiteta na mteja wao mlangoni, na alipofika wakanyamaza. Hakuuliza kitu. Alimwambia tu kwamba kazi ya mwalimu ataifanya peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo alikuwa keshazikung'uta.

Akaenda kwa mama muuza vifaa kutafuta bikari mpya, ile ya zamani ikiwa mfukoni. Mama akamwekea tatu mezani: ya bati, ya shaba, na ya chuma yenye skrubu ya kukaza. Nionyeshe akafungua kila moja, akapima upana wa miguu kwa rula, akaigonga mezani, akapima tena.

"Chukua ya chuma," mama alisema.

"Mbona unaisifia hivyo? Imekudodea?"

"Basi usichukue. Ya zamani ina nini?"

"Inafunguka nikichora."

"Uliipima baada ya kuchora?"

Nionyeshe akakohoa. Hakuipima. Mkosaji wake alikuwa keshampata, sasa apime nini tena?

Mama akachukua ubao wa kreti, akausimamisha kwenye ukuta wa duka uliovimba kwa unyevu, akaukandamiza kwa viganja viwili. "Haya, chora. Kwa hiyo hiyo ya zamani."

Alihisi mtego, lakini akachora toka juu mpaka chini. Akapima miguu ya bikari: haikusogea hata kidogo. Akaazima msumeno, akakata, akausukuma ubao ukutani. Hata karatasi isingepita.

"Umefanya nini?" akauliza kwa ukali.

"Nimeshika ubao. Kwako anakushikia nani?"

Hapo ndipo alipojiona: goti limebana ubao chini, mkono wa kushoto umeushika juu, na kila alipoinama kuchora, ubao nao uliinama. Miaka tisa viganja vya shemeji vilikuwa pale, na yeye hakuwahi kuvihesabu kama kifaa. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawaka. Akamrudishia mama bikari zake zote tatu.

Nionyeshe alimkuta shemeji nyumbani kwake, anapiga randa mguu wa meza.

"Nimekuja unishikie ubao," Nionyeshe alisema. "Ndio wa mwisho."

Shemeji aliweka randa chini, akaenda naye. Nyumbani kwa mwalimu akausimamisha ubao, akaukandamiza, kisha akageuza shingo.

"Pima bikari kwanza, shemeji. Dada kaniambia yote, nisije nikasingiziwa tena."

"Haina haja."

"Na yule mteja? Hutaki nikwambie tulikuwa tunaongea nini?"

Alitaka. Alitaka mpaka ulimi ukamwasha. Akainama, akaegesha mguu wa bikari ukutani.

"Shika ubao," akasema.