Mlango wa Mbele

Mama mwenye nyumba alifungua mlango, akamtazama binti yangu, akanitazama mimi, kisha akashusha macho akawaona mbwa. Akarudi nyuma hatua moja.

"Hawa ndio vile vijibwa?"

"Ndio hao," nikasema. "Walikua."

Sikuweza kumlaumu sana. Nyumba tulitafutiwa na dada yangu mkubwa kwa simu, baada ya nyumba kumi na moja kutukataa, na picha aliyomtumia ilikuwa ya miaka minne nyuma: mbwa wote wawili wamekaa ndani ya karai moja la kufulia. Hakukusudia kudanganya. Dada yangu hafuti picha za zamani wala hapigi mpya. Sasa Bondia alikuwa ananifika kiunoni, na Shangazi alishapenyeza pua kando ya gauni la mwenye nyumba, anachungulia sebule.

"Mwite huyo!"

"Shangazi, rudi."

"Unamwita mbwa shangazi?"

"Ungemjua wifi yangu usingeuliza."

Binti yangu akacheka, na kicheko chake siku hizi ni cha kuhesabu. Alikuwa amesimama kwa gongo moja, mkono wa pili ameshika mkanda wa Bondia. Mguu wa kushoto unaishia chini ya goti. Tulikuwa tumevuka mpaka kwa ajili ya mguu mpya: wiki tatu za kupimwa, kuvishwa na kufundishwa kutembea, na karakana ya miguu ya bandia ilikuwa ng'ambo ya barabara hiyo hiyo. Kipimo cha kwanza kilikuwa kesho saa mbili asubuhi.

Alipotoka hospitali mwaka jana, alimkatalia mtaalamu wa mazoezi kusimama, akanikatalia na mimi. Siku moja nilimkuta amesimama jikoni, amemshika Bondia shingoni. Mimi nimesomea afya, sikusomea miujiza. Kinachofanya kazi, nakitumia. Na Shangazi tumemleta kwa sababu bila yeye Bondia hali chakula.

"Mbwa watalala stoo, huko nyuma," mwenye nyumba akasema.

"Basi na mimi nitalala huko," akajibu binti yangu.

Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani. "Mama, nishushe mizigo au nisishushe?"

"Shusha."

"Usishushe!" akasema mwenye nyumba.

Dereva akashusha begi moja, akaliacha kizingitini, nusu ndani nusu nje, kama mtu asiyetaka kuitwa shahidi.

"Sikilizeni, sina ubaya," mwenye nyumba akasema. "Lakini nyumba yangu ni safi."

Hapo akanigusa pabaya. Mimi ni afisa afya. Miaka kumi na tisa nakagua majiko ya shule na hoteli, na siwezi kukaa kwenye chumba kabla sijakizunguka na tochi. Watoto wangu wanaona haya kutembea na mimi.

"Nipe dakika kumi," nikasema.

"Unikague?"

"Ukisema mbwa wangu wataichafua, kwanza tujue wameikutaje. Mimi nakagua nyumba, wewe kagua mbwa. Vyeti vya chanjo hivi hapa. Tazama masikio, tazama meno, nusa ukitaka."

Alishangaa mno hata akasahau kukataa. Nikaingia, Shangazi nyuma yangu. Nyuma ya kabati kulikuwa na ukungu mweusi. Bomba la sinki lilikuwa likidondokea kwenye kopo. Mlango wa nyuma ulikuwa na ngazi sita, hazina pa kushika. Jikoni Shangazi akaketi mbele ya jiko, akagoma kuondoka. Nikalisogeza. Mavi ya panya, mabichi, yanang'aa. Nikaandika yote.

Niliporudi nilimkuta mwenye nyumba amechuchumaa, amefunua sikio la Bondia kama fundi saa.

"Masikio hayana neno," akasema kwa shingo upande.

Nikampa karatasi. Akaisoma mara mbili.

"Panya? Wageni waliopita hawakusema."

"Wageni waliopita hawakuwa na Shangazi."

Akaikunja karatasi ndogo, ikawa ndogo zaidi. "Haya, kaeni. Ila mbwa na mtoto wapitie mlango wa nyuma. Majirani wanaopanga kwangu nimewapigia marufuku mbwa miaka yote. Wakiwaona hawa nitaficha wapi uso?"

Nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma, na neno "sawa" lilishafika mdomoni. Nikamtazama binti yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshazoea. Shuleni waliwahi kumwambia aingilie mlango wa jikoni, ati asiwacheleweshe wenzake. Kwenye harusi ya binamu yake walimkalisha nyuma ya nguzo, picha zisije zikaharibika. Siku zote mbili nilinyamaza, nikijiambia si pa kugombania.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Mlango wa nyuma una ngazi sita na hauna pa kushika, nimekuandikia. Lakini hata ungekuwa na zulia, hapana. Mwanangu anapita mbele, na anayemshikilia anapita naye. Ukikataa, turudishie begi letu tuondoke sasa hivi. Nyumba ya kumi na tatu nitaitafuta kwa miguu."

"Mama..." binti yangu akanong'ona.

"Nyamaza, naongea."

"Jamani, mimi nina abiria wengine," dereva akasema.

Mwenye nyumba akainama akalishika begi lile la kizingitini. Kwa kitambo sikujua angelipeleka upande gani. Akalivuta ndani.

"Kichwa chako kigumu," akaniambia.

"Nimeambiwa."

Asubuhi, saa mbili kasoro dakika kumi, tulitoka kwa mlango wa mbele. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anaanika nguo.

"We mama! Si ulisema mbwa marufuku?"

"Nilisema," mwenye nyumba akajibu kutoka jikoni, bila hata kutoa kichwa. "Sasa nasema vingine. Kwani kwako hakuna panya?"

Jirani akarudi kwenye nguo zake.

Binti yangu akafika ukingoni mwa barabara. Nikanyoosha mkono nimshike bega.

"Mama, niache," akasema. Akakaza mkanda wa Bondia, akashusha gongo kwenye lami, akavuka, kichwa juu, magari yakimngoja.